Kidakio chenu kina udhaifu gani? Mwongozo kamili wa kukagua maji yenu kutoka mlimani hadi mtoni

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, ile isiyo na rangi. Nenda mtoni siku mvua kubwa ya kwanza ya masika inapokatika, ijaze maji ya katikati ya mkondo, kisha iweke dirishani pasipo na mtu wa kuigusa. Mchanga utatua chini kabla hujamaliza kunywa chai. Vumbi laini litashuka taratibu mpaka jioni. Lakini ule wekundu wa mfinyanzi utabaki umening'inia kesho, kesho kutwa, pengine wiki nzima. Kilichomo ndani ya chupa hiyo ni shamba la mtu. Jana lilikuwa mlimani, leo liko dirishani kwako, na lililobaki mtoni liko njiani kwenda kujaza bwawa la watu wengine.

Mwongozo huu ni wa kamati za mazingira za vijiji, jumuiya za watumia maji, maafisa ugani, walimu na yeyote anayeona mto wake unabadilika na anataka kujua kwa nini kabla ya kukimbilia kupanda miti. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania, kwa sheria zake na milima yake. Vifaa vyake havikushindi: kamba, rula, ndoo, saa ya simu, chungwa, daftari. Kinachohitajika kwa wingi ni miguu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kidakio ni ardhi yote ambayo tone la mvua likiiangukia, lisiponywewa wala kufyonzwa, hatimaye litapita sehemu moja mnayoijua: daraja fulani, banio la mfereji, mdomo wa bwawa. Kwa hiyo kidakio ni zaidi ya msitu na zaidi ya chemchemi. Barabara imo, zizi limo, uwanja wa shule umo, na shamba la mahindi la mwenyekiti limo pia.

Hatua ya kwanza: choreni mpaka

Tafuteni ramani ya mizani ya 1:50,000 ya eneo lenu. Ofisi ya ardhi ya wilaya au bodi ya maji ya bonde watawaelekeza. Wekeni alama mahali maji yenu yanapotokea, kisha fuateni migongo ya vilima kwa penseli, pande zote mbili, mpaka mistari ikutane juu. Mistari ya mwinuko ikichongoka kama mkuki kuelekea juu, hapo pana bonde. Ikichongoka kuelekea chini, hapo pana mgongo. Mpaka wenu unapita juu ya migongo tu, hauruki mto hata mmoja. Kwenye ramani hizo kila mraba wa gridi ni kilomita moja ya mraba. Hesabuni miraba, mmepata ukubwa.

Mwenye kompyuta anaweza kuifanya kazi hii kwa programu ya bure ya QGIS na data za mwinuko zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000. Hata hivyo, mpaka wa kompyuta utembeeni. Nimeona mpaka uliochorwa ofisini ukikosea kwa sababu tu barabara mpya ilikuwa imechimba mtaro uliobeba maji ya upande mmoja wa kilima na kuyamwaga upande mwingine.

Mkishaupata, uwekeni juu ya ramani ya mipaka ya vijiji. Hapa ndipo wengi wanapopigwa na butwaa, maana maji hayajui kijiji. Kidakio kimoja kidogo kinaweza kugusa vijiji vitatu na msitu wa serikali, na kichwa chake kikawa wilaya nyingine kabisa. Andikeni majina ya wote walio juu yenu na wote walio chini yenu. Orodha hiyo fupi mtaihitaji kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Fahamuni pia mko katika bonde lipi kubwa. Tanzania imegawanywa mabonde 9: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Kila bonde lina bodi yake. Ya Pangani ndiyo ya kwanza, ilianza mwaka 1991, ikafuatwa na ya Rufiji mwaka 1993. Huko ndiko vinakotoka vibali vya kutumia maji, na huko ndiko takwimu zenu zinapaswa kufika.

Hatua ya pili: ulizeni waliokuwepo

Kabla ya kupima lolote, kaeni na wazee. Msiwaulize "mto ulikuwaje zamani?" Swali hilo huleta jibu moja kila mahali, kwamba zamani kulikuwa na maji mengi. Ulizeni kwa matukio. Wakati wa kuhamia vijijini mwaka 1974, mlichota wapi kiangazi? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifika wapi? Daraja la miti lilikuwa na nguzo za urefu gani? Ng'ombe walivuka wapi bila kuogelea? Majibu ya namna hiyo mnaweza kwenda kuyaona kwa macho.

Na kwa heshima zote kwa wazee wa kiume wanaokaa mbele kikaoni, waulizeni akina mama peke yao, tena kisimani. Bibi mmoja alinipeleka mpaka kwenye mkuyu, akanionyesha jiwe lililolika katikati kama kinu. Hapo ndipo yeye na mama yake walipotua mitungi. Tulihesabu hatua kutoka jiwe lile hadi kisima cha leo: 140, zote za kuteremka. Chemchemi ilikuwa imeshuka kilima katika umri wa mtu mmoja, na hakuna karatasi yoyote ofisini iliyoandika hilo.

Kumbukumbu zao zipimeni kwa picha za setilaiti. Picha za Landsat zipo tangu mwaka 1972 na hazilipiwi. Za Sentinel-2, zinazoonyesha vitu vya ukubwa wa mita 10, zipo tangu 2015. Linganisheni picha za mwezi uleule, wa kiangazi, kwa miaka tofauti. Ukilinganisha Mei na Oktoba utadhani msitu umekwisha, kumbe ni majani tu yamepukutika. Makadirio ya mvua kwa setilaiti nayo yapo kuanzia 1981, na yanasaidia kujibu swali linaloleta ugomvi kila kikao: je, ni mvua zilizopungua, au ni sisi? Mara nyingi mtakuta jumla ya mwaka haijabadilika kama watu wanavyodhani. Kilichobadilika ni siku inayoanza, siku inayokatika, na namna ardhi inavyoipokea.

Hatua ya tatu: tembeeni, mara mbili

Mara ya kwanza tembeeni mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa uchi na mto ukiwa katika kiwango chake cha chini kabisa. Mara ya pili tembeeni mvua ikinyesha. Najua hiyo ya pili watu hawaipendi. Lakini saa moja ya kutembea kwenye mvua, umevaa viatu vya mpira na kushika fimbo, inakufundisha kuliko mwezi wa mikutano, kwa sababu unaona maji yanakotoka, yanakokimbilia, na mahali yanapobadilika rangi.

Kiangazi, inameni. Tazameni vijiwe na vipande vya changarawe shambani. Vikiwa vimekaa juu ya viguzo vya udongo kama uyoga, ujue udongo uliovizunguka umeondoka, na urefu wa kiguzo ndio kina kilichopotea. Tazameni mizizi ya miti kwenye miteremko, na nguzo za uzio wa zamani: chini yake kuna alama ya rangi tofauti inayoonyesha ardhi ilikuwa wapi. Pimeni kwa rula, andikeni. Milimita moja tu ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani takribani tani 12 au 13. Kwa macho hutaiona. Kwa lori, ni lori zima na zaidi.

Kisha makorongo. Kila korongo lina kichwa, ile sehemu ya juu linapoendelea kujila. Kikiwa kimekatika wima, udongo mbichi, mizizi inaning'inia, korongo hilo liko hai. Kikiwa kimelala, kina majani, limetulia. Liacheni, msiliamshe kwa kulisha mbuzi humo. Pigeni mambo, yaani vigingi vya mti mgumu, mita 5 nyuma ya kichwa cha kila korongo hai. Mwakani mtapima umbali uliobaki.

Njia za ng'ombe kwenda kunywa nazo zifuateni moja baada ya nyingine. Ardhi iliyokanyagwa hufunga kama sakafu. Halikadhalika mashamba ya bondeni, vile vinyungu vya Iringa na Njombe vinavyolisha watu wakati hakuna kitu kingine cha kuvuna. Andikeni vinaanzia umbali gani kutoka ukingoni, vinamwagiliwaje, na kama dawa za kuulia wadudu zinachanganyiwa mtoni. Kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, andikeni panapooshewa mchanga na kama zebaki inatumika. Jambo hilo halisubiri hatua za mbele, mpelekeeni taarifa afisa mazingira wa wilaya mara moja.

Mvua ikinyesha, nendeni barabarani kwanza. Watu wengi huanza kwa kumtafuta mkulima wa kumlaumu, wakati kalvati moja la barabara ya vumbi limekusanya maji ya kilima kizima na kuyamwaga kwa mkupuo kwenye shamba la mtu ambaye hakufanya kosa lolote. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mvua ya milimita 30 juu ya hekta moja ni lita 300,000. Nusu yake ikikimbia badala ya kuzama, ni malori 15 ya maji, kila moja la lita 10,000, yakifunguliwa sehemu moja ndani ya saa moja. Hakuna shamba linalostahimili hilo. Kila mahali mtaro wa barabara unapomwaga, wekeni alama kwenye ramani na mpige picha.

Kila tawimto mnalovuka wakati wa mvua, jazeni chupa. Andikeni jina na saa, zipangeni mezani kwa mstari. Tawi lenye chupa nyekundu kuliko zote ndilo mtakaloanza nalo. Nimewahi kuona kikao kizima kikinyamaza mbele ya chupa saba.

Hatua ya nne: pimeni

Chemchemi. Kingeni maji yote kwa bomba au jani la mgomba, jazeni ndoo ya lita 20, hesabuni sekunde. Rudieni mara tatu, mchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku kijijini. Kwa kiwango hicho, chemchemi hiyo inatosha watu wapatao 1,700, mradi isipotee hata lita moja na ng'ombe wasihesabiwe. Wahesabuni ng'ombe.

Mto. Chagueni sehemu iliyonyooka, urefu wa mita 10, isiyo na mawe mengi. Dondosheni chungwa juu kidogo ya mwanzo na mhesabu sekunde linazotumia kufika mwisho. Chungwa ni zuri kwa sababu huzama karibu lote, upepo haulisukumi kama unavyosukuma jani. Rudieni angalau mara tano, katikati na kandokando. Pimeni upana, kisha kina kwa fimbo katika sehemu tano za upana huo. Mto wenye upana wa mita 2, kina cha wastani mita 0.3, na chungwa linalotumia sekunde 25, hesabu yake ni hii: mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Eneo la maji ni mita za mraba 0.6, zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.8 kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Jibu ni mita za ujazo 0.192, yaani lita 192 kwa sekunde. Pimeni sehemu ileile, na tarehe zilezile kila mwaka.

Unywaji wa ardhi. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, na ndicho kinachoachwa na wengi. Chukueni kopo pana la rangi, lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, mlitoe kitako. Lisukumeni ardhini sentimita 5, mmwage maji taratibu mpaka kina cha sentimita 10, mweke rula ndani. Andikeni maji yameshuka milimita ngapi kila baada ya dakika 10, mkiongeza maji yakipungua. Mwanzoni yatashuka haraka; endeleeni mpaka mwendo utulie, pengine saa moja au mbili. Udongo wa kichanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, tifutifu kati ya 10 na 20, mfinyanzi milimita 1 hadi 5. Jambo la maana zaidi ni tofauti kati ya sehemu zenye udongo wa aina moja: msituni, shambani, njia ya ng'ombe, uwanja wa shule. Shamba likinywa robo ya kile kinachonywewa na msitu wa jirani, hapo mmepata sababu ya mafuriko ya Aprili na ya kisima kukauka Oktoba kwa pamoja. Maji yaliyokimbia masika ndiyo hayohayo mnayoyatafuta kiangazi.

Mvua pimeni kwa chombo chenye kuta zilizonyooka, kiwe mbali na mti kwa angalau mara mbili ya urefu wake, msome kila asubuhi saa 3. Wanafunzi hufanya kazi hii vizuri wakipewa dhamana. Mteremko pimeni kwa kamba ya mita 5 iliyonyooshwa mlalo, bila kuinama, upande wa juu ukigusa ardhi: upande wa chini ukiwa mita moja juu ya ardhi, mteremko ni asilimia 20.

Hatua ya tano: jueni nani anategemea nini

Udhaifu wa kidakio uko kwa watu pia. Vidakio viwili vyenye miteremko sawa na mvua sawa vinaweza kuwa na hatma tofauti, kwa sababu kimoja kina mfereji wenye uongozi na zamu zinazoheshimiwa, kama mifongo ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kingine kila mtu anajifungulia maji usiku.

Andikeni kila anayechota: kaya, mifereji, pampu, kiwanda cha kahawa, mradi wa maji. Nani ana kibali, nani hana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma. Matumizi ya nyumbani hayahitaji kibali, lakini kugeuza mkondo wa mto kwa kilimo kunahitaji. Andikeni pia nani hana njia nyingine. Kijana mwenye pampu anaweza kuhama. Mjane mwenye kinyungu kimoja hawezi, na mpango wowote usiomwona yeye utavunjwa na njaa.

Kinachotokea pale walio juu na walio chini wasipohesabiana tunakijua kwa Ruaha Mkuu. Mto huo hutoka nyanda za juu za kusini, unapita tambarare ya Usangu na ardhioevu ya Ihefu, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unajaza Mtera na Kidatu, mabwawa ya umeme ya megawati 80 na 204. Mwaka 1993 maji yalikatika kiangazi ndani ya hifadhi, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, na hali hiyo imejirudia tangu hapo. Huko juu mpunga ulikuwa umepanuka, mifereji ilikuwa inachukua maji hata baada ya mavuno, na mifugo ilikuwa imeongezeka. Hakuna mkulima mmoja aliyeukausha Ruaha. Kila mmoja alichukua chake kidogo, na hakukuwa na daftari moja linalojumlisha.

Hatua ya sita: pimeni uzito bila kutafuta wastani

Gaweni kidakio katika vipande, kila tawimto liwe kipande chake. Kwa kila kipande jiulizeni maswali matatu. Kinakabiliwa na nini: mvua kali, ukame, moto kichaa, ukataji, barabara mpya? Kina wepesi gani wa kuumia: mteremko, aina ya udongo, kunywa kwake, makorongo hai? Watu wake wana uwezo gani wa kuhimili: uongozi, kipato, sheria ndogo zinazofuatwa, chanzo mbadala? Toeni alama 1 hadi 5 kwa kila swali, mkiafikiana mapema mwisho upi ndio mbaya, na mwandike sababu kando yake. Alama isiyo na sababu ifuteni.

Sasa, msichukue wastani. Ripoti nyingi hufanya hivyo na hujidanganya. Kipande chenye msitu mzuri na uongozi mzuri, lakini chenye korongo hai lililobakiza mita 20 kufika kwenye chemchemi, kitapata wastani mzuri na kitakufa mbele ya macho yenu. Kipande kipewe alama ya swali lake baya kuliko yote. Minyororo hukatika kwenye pete dhaifu.

Tofautisheni pia udhaifu unaotibika na usiotibika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu wengi wakafa. Miteremko ya namna hiyo, yenye miamba laini ya volkano na mvua iliyopita kiasi, haitibiwi kwa matuta. Dawa yake ni kutojenga kwenye njia za maji hata kama zimekauka kwa miaka 30, na kuwa na mtu wa kupiga kengele usiku. Kwenye ramani yenu choreni njia hizo kwa rangi nyekundu, mpeleke nakala kwenye ofisi inayogawa viwanja.

Hatua ya saba: afikianeni

Milima ya Uluguru ndiyo inayolisha Mto Ruvu, na Mto Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Oktoba 2022 kina chake kiliposhuka jiji liliingia kwenye mgawo. Katika milima hiyohiyo, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kwa macho ya mtaalamu wa mmomonyoko matuta yalikuwa sahihi. Kwa mkulima yaliibua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mzuri, yakala siku zake za kazi, na hakuulizwa. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea, mpango ukafa. Wakati huohuo Wamatengo wa Mbinga walikuwa na ngoro zao, yale mashimo ya mraba yanayodaka maji kwenye miteremko mikali, waliyoyabuni wenyewe na kuyalima kizazi hadi kizazi bila kusukumwa na mtu.

Kondoa ilikwenda njia nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoliwa na makorongo, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi kweli, na makorongo mengi yakatulia. Lakini gharama ilibebwa na wenye ng'ombe, na wengi walilazimika kuhamishia mifugo yao kwingine. Shinyanga, kuanzia 1986, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulichagua kuanza na ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho kwa ajili ya kiangazi. Ngitili zikafufuka kwa mamia ya maelfu ya hekta, kwa sababu watu walikuwa na jina lake, kanuni zake, na faida yake mikononi. Mimi ningeanza hivyo kila mara: tafuteni kwanza ngitili yenu ni ipi.

Kwa hiyo itisheni kikao cha walio juu na walio chini pamoja, chupa zikiwa mezani na ramani ukutani. Anayefaidika chini aseme atatoa nini. Aliye juu hawezi kuacha kulima ukingoni kwa sababu tu ameambiwa kuna sheria, ingawa ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Mita 60 kwa mwenye shamba la robo ekari bondeni ni shamba lote. Mpeni muda, mpeni mbegu za mabingobingo ya kulisha ng'ombe zizini, mpeni miche ya matunda ya kudumu, mchimbieni makinga maji kwa nguvu ya pamoja. Walio chini wakichangia siku za kazi au fedha za mfuko wa maji, makubaliano yanashika.

Kazi zenyewe zianzie juu kushuka chini. Ukiziba korongo kwa mawe huku maji ya barabara bado yanamiminika kichwani mwake, mvua moja inabeba mawe yote. Kwanza gaweni maji ya barabara kwenye mitaro midogo mingi. Kisha matuta ya kukinga maji kwa kufuata kontua, yaani mistari ya mwinuko sawa, fanya juu au fanya chini (udongo wa mtaro ukitupwa upande wa juu au wa chini) kulingana na udongo, na mistari ya majani ya vetiva. Mwisho vizuizi vya korongo. Kwenye chemchemi msipande mikaratusi. Niliwahi kufika kijiji kimoja ambako wageni wenye nia njema waliizungushia chemchemi miche 300 ya mikaratusi. Miaka saba baadaye miti ilikuwa mirefu na kisima kilikuwa cha vumbi. Iacheni mikuyu na miti ya asili iliyopo ijizalie, zungushieni uzio, ng'ombe wapelekewe birika nje kwa bomba.

Mkiafikiana, andikeni sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji huiandaa, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo faini zenu hazina nguvu. Vijiji vinavyoshiriki kidakio kimoja viandike maneno yaleyale, maana mchungaji akifukuzwa huku atavuka kijito tu. Jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa na bodi ya bonde ndiyo inayoweza kusimamia makubaliano yanayovuka mipaka ya vijiji.

Hatua ya nane: daftari

Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaokaa karibu na mto na hawategemei kuhama. Kila mwezi chemchemi na ndoo. Kila wiki ya mwisho ya Oktoba mto na chungwa. Kila mvua ya kwanza ya masika chupa zilezile, kwenye matawi yaleyale. Kila Julai vigingi vya makorongo na kopo la kunywesha ardhi. Tarehe, saa, jina la aliyepima, na mvua ya siku hiyo. Wakikosea wasifute, wakate kwa mstari mmoja na kuandika upya pembeni.

Mwaka wa kwanza namba hizo zitaonekana hazina maana. Mwaka wa pili mtaanza kubishana nazo. Mwaka wa tatu au wa nne, mtu akija na ombi la kufungua mfereji mpya au machimbo juu ya chemchemi, mtafungua ukurasa wa Oktoba na kumwonyesha lita zilizopo. Daftari likae ofisi ya kijiji, nakala iende kwa walio chini yenu, na nyingine bodi ya bonde. Picha za kila ukurasa zipigwe kwa simu siku hiyohiyo, kwa sababu paa za ofisi za vijiji huvuja.